Nimeshuka Tabora, Wewe Mnyamwezi

Wewe Mnyamwezi,

Sikusalimii. Tangu lini mimi na wewe tukasalimiana? Miaka yote ile tuliyopika pamoja kwenye behewa la chakula, ulikuwa unaingia jikoni asubuhi na kuniambia, "Mzaramo, bado hujafa?" Nami nakujibu, "Nakusubiri utangulie wewe, nipate kucheka." Haya, umetangulia. Na kucheka kwenyewe sikuwahi.

Nakuandikia nikiwa na kinyaa. Nimechukizwa na mji wako, nimechukizwa na ndugu zako, nimechukizwa na kaburi lako, na kuliko vyote nimechukizwa na mimi mwenyewe. Kwa hiyo tulia hapo ulipo unisikilize, maana safari hii huna pa kukimbilia.

Kufa kwako sikuambiwa na mtu. Nilijua kwa mdomo wangu huu huu mchafu. Ilikuwa Jumapili, nimemaliza kula, nikasema ngoja nimpigie yule mbeba mizigo nimharibie siku. Simu ikaita, ikapokelewa, na mimi bila hata kuvuta pumzi nikaanza: "Wewe kibarua wa misafara, uliyezaliwa na furushi kichwani, uko wapi siku zote hizi, au umeshaoza?" Kisha sauti ya kike ikasema taratibu, "Shikamoo mama. Mimi Milembe. Baba tumeshamzika, hii ni wiki ya tatu."

Au umeshaoza! Ndivyo nilivyosema, Maganga. Nimemwambia hivyo mwanao. Nilitamani ardhi ipasuke pale pale sebuleni, na yeye mtoto wa watu ndiye akaanza kunituliza. Akaniambia simu yako waliikuta imefungwa kwa namba za siri, hawakuweza kuona majina, mpaka nilipopiga mwenyewe ndipo likatokea jina kwenye kioo: Mchawi wa Pwani. Akajua ni mimi. Ahsante sana kwa heshima hiyo.

Eti taarifa waliiweka kwenye grupu la wastaafu wenzetu. Na mimi kwenye grupu nilijitoa zamani, nimechoshwa na yale maua yao ya asubuhi njema na dua za kutuma kwa watu kumi. Nilijitoa kwa maringo, tena niliaga kwa matusi. Kwa ajili ya maua sikukuzika. Kila nikilikumbuka hilo naacha sahani.

Kwa sababu tulikuwa na ahadi. Unakumbuka siku ile Igalula, treni imesimama kupisha ya mizigo, sisi tumekaa mlangoni mwa behewa tunamenya viazi, na akina mama wanauza asali kwenye chupa za maji. Ukaanza kuniambia mambo ya babu zetu, kama ilivyokuwa desturi yako ukishashiba. Kwamba babu zako walitembea kwa miguu kutoka Unyanyembe mpaka pwani na pembe za ndovu mabegani, na babu zangu wakawakalia njiani kule Uzaramo wakidai ushuru wa kupita, wakatukanana miaka na miaka mpaka wakazoeana, ndipo ukazaliwa utani wa Mnyamwezi na Mzaramo. Kisha ukaacha kumenya. Ukasema, "Mzaramo, siku nikifa usilie. Wa kulia wako wengi. Ukilia wewe utakuwa umenidhulumu. Njoo unitukane, mama yangu acheke." Nikakuuliza, na mimi je? Ukasema, "Wewe nitakuja nilale kwenye shimo lako, wasikuzike mpaka wanipe jogoo."

Mama yako acheke. Hiyo ndiyo kazi uliyoniachia, moja tu, na sikuwepo.

Basi nikapanda treni. Nikakaa kwenye kiti kama abiria, nikala wali uliopikwa na vijana wasiojua hata kukaanga kitunguu, sisemi zaidi. Na Tabora nikashuka. Ndiyo, nimeshuka! Mimi niliyeapa kwamba mguu wangu hautakanyaga mji wa wapagazi, niliyekuwa nabaki dirishani wakati wewe unashuka kumkumbatia mama yako, na yeye akimaliza na wewe ananigeukia mimi na kikapu chake: "Wewe Zaramo, chukua matobolwa, ule chakula cha watu wanaolima!" Nami namjibu toka juu, "Viazi gani hivyo mnachemsha, mnakata, mnaanika mpaka vinakuwa kama soli? Mwenye meno atakula!" Watu wote jukwaani wanacheka. Kisha treni ikiondoka nayala yote, wewe hupati hata kimoja. Yule mama na mimi tulijuana miaka mingi hivyo hivyo, yeye chini, mimi dirishani.

Safari hii jukwaani alikuwepo Milembe peke yake. Amekua, kafanana na wewe pua, masikini. Mwalimu mzima wa shule ya msingi. Nikamwambia nipeleke nyumbani, akasema, "Mama, kwanza nikutembeze. Baba alitaka siku zote uuone mji." Nikasema mji gani, lakini nikamfuata.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kukutapikia. Mji wako ni mzuri. Nimesema, sitarudia. Barabara pana, zina kivuli mwanzo hadi mwisho, watu hawana haraka, nyumba za zamani zimekaa kwa adabu, na kila unayepishana naye anakusalimu. Nilisalimiwa na watu nisiowajua mpaka mdomo ukaniuma. Kule Mtendeni mzee mmoja alisimamisha baiskeli kabisa ili aitikie shikamoo yangu, halafu akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za safari, kana kwamba tulilelewa pamoja. Sokoni ndiyo usiseme. Asali imejaa madumu, karanga zimemwagwa kwenye magunia, tumbaku inanuka mpaka unapiga chafya, dagaa wa Kigoma, mawese mekundu, na hayo matobolwa yenu, chungu nzima, yananitazama. Muuza asali akaniambia nyoosha kidole mama, uonje. Nikaonja. Nikamwambia mbaya. Akacheka, akanitilia tena.

Nilitafuta ubaya wa mji huo kwa bidii, nikaukosa, na hilo ndilo lililonichefua. Wewe uliyekuwa unadanganya kila kitu! Uliyedanganya umevua samaki mkubwa kuliko mlango wa jiko, uliyewadanganya abiria wazungu kwamba mchicha wa karanga ni dawa ya kuona gizani. Kumbe katika mambo yote, Tabora tu ndiyo uliyosema ukweli. Na ulinisihi miaka yote nishuke saa moja tu, wakikata mabehewa ya Mwanza, unionyeshe soko, tunywe chai, turudi. Saa moja tu, Maganga. Ningepungukiwa nini?

Tukaenda Kwihara, maana ndiko kwenu, na njiani Milembe akanipitisha kwenye ile tembe ya kale, siku hizi makumbusho, ambamo yule Mzungu mvumbuzi wa enzi za misafara alikaa mgonjwa kungoja mizigo yake. Nikakuta kundi la vijana wametoka Dar, miwani myeusi, viatu vyeupe kwenye vumbi lile. Mmoja wao, pandikizi la mtu, kaokota sanduku la mbao, kajitwika kichwani, anachuchumaa na kutoa ulimi nje, anajifanya magoti yanakatika, wenzake wanampiga video. "Jamani mimi Mnyamwezi! Mzungu nipunguzie!" Wanacheka kwelikweli.

Sasa sikiliza. Mimi nimesema mabaya kuliko hayo. Wewe mwenyewe shahidi, nimekuita punda mbele ya abiria wa daraja la kwanza. Lakini pale nilihisi nimelambishwa kitu kichafu. Wale watu walitembea, wengine walifia njiani bila hata mtu wa kuwatukana, na huyu anawatolea ulimi kwa ajili ya simu yake. Nikamwendea. Nikamwambia, "Shusha." Akasema, "Mama, ni utani tu." Nikamwambia, "Utani na nani? Wewe kabila gani?" Akalitaja, na ni kabila lisilo na utani na ninyi hata wa kusingizia. "Kwa hiyo huo siyo utani," nikamwambia, "hiyo ni dharau. Shusha sanduku." Akashusha. Akaniangalia juu mpaka chini, akaniuliza, "Kwani mama wewe Mnyamwezi?"

Nikasema ndiyo.

Loo! Mtume! Mimi Zena, Mzaramo wa Kisarawe, mzaliwa wa mzaliwa, nimesimama kwenye vumbi la Kwihara nikalikana kabila langu mchana kweupe. Milembe alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamwambia ukimwambia mtu nakulaani. Ndiyo maana nakuambia mwenyewe, kabla hujasikia kwa wengine.

Kwenu nikamkuta mama yako amekaa barazani, kanga mabegani, fimbo yake magotini. Nikajiandaa. Njia nzima kwenye treni nilikuwa napanga tusi la kuanzia. Akaniona, akanyanyuka kwa shida, akanipa mkono, akasema, "Karibu mgeni. Pole na safari."

Mgeni! Tena kwa sauti ya upole, kama anaongea na mtu wa kanisani. Lile tusi nililolibeba toka Dar likanipotea. Nikasema, "Ahsante mama, shikamoo." Akasema, "Marahaba." Tukakaa kama watu wawili waliokutana hospitali. Milembe akaninong'oneza jikoni kwamba ndivyo alivyo tangu mazishi. Anakula kidogo, anajibu vizuri, hamtukani mtu. Mtu aliyekuwa anamtukana hata mchungaji!

Nikauliza, kwani mazishini utani ulikuwaje? Wazaramo mji mzima walikosekana? Ndipo Milembe akaniletea simu, akaniwekea video, na laiti asingeniwekea. Kumbe kamati ya mazishi ilikodi mtu! Wamekukodia mtani, Maganga! Kijana mshehereshaji wa harusi, kavaa suti inayong'aa, ana kipaza sauti, ana karatasi mkononi. Karatasi! Anasoma utani! "Marehemu alikuwa mpishi hodari, nadhani huko mbinguni malaika sasa watanenepa." Watu wanatabasamu kwa adabu. "Tunamshukuru Mungu kwa maisha yake ya kupendeza." Mimi nangoja akutukane. Nangoja. Hakukutukana hata mara moja. Pua ile, yote ile, hakuigusa. Wala hakusema kwamba ulikuwa bahili wa chumvi, wala kwamba ulikuwa unaimba tenzi kwa sauti ya kubomoa madirisha, wala kwamba ulikuwa unalia ukikata vitunguu na kusingizia moshi. Alikusifu, kashukuru kamati, kaketi. Na pembeni pale kwenye video anaonekana mama yako, kainamisha kichwa, anachora chini kwa fimbo.

Nilimwambia Milembe azime. Nimewahi kuona panya kwenye unga, nimewahi kuzibua choo cha behewa kwa mikono hii, sijawahi kusikia kinyaa kama kile. Maana hata kuwakasirikia kamati sikuweza vizuri. Walijaza nafasi iliyokuwa wazi, na nafasi hiyo ilikuwa yangu.

Nikasema, nipelekeni kaburini, sasa hivi, na mama aje.

Liko nyuma ya nyumba, pembeni ya mihogo. Na hapo ndipo macho yangu yalipoona maajabu mengine. Wamekupiga vigae! Vyeupe, vyenye maua ya bluu pembeni, vile vile ninavyovijua mimi. Nikamuuliza Milembe, hivi si vya bafuni? Akaangalia chini, akasema baba mkubwa alivipata kwa fundi aliyebakiza. Ebo! Mtu mzima amepika mpaka kastaafu, wamemlaza bafuni!

Basi nikavua viatu, nikapanda, nikajilaza juu yako kwa urefu. Mimi na magoti yangu haya mabovu. Vigae vilikuwa vimepata jua, vinaunguza mgongo. Nikapaza sauti majirani wasikie: "Haya njooni muone! Mnyamwezi kafa, hata kaburi lake halina adabu, limefanana na bafu la gesti! Uko wapi wewe mwenye pua ya kubeba kikombe? Umewaachia nani mizigo? Nani atatia karanga kwenye kila kitu mpaka kwenye chai? Simwachii mtu nafasi hapa, siondoki, nyie wapagazi leteni jogoo!" Majirani wakaanza kusogea. Mmoja akanitupia "mwangaluka" yenu ile, saa kumi za jioni, yaani ananisalimia za asubuhi kwa kunikejeli, na mimi nikamtukana yeye pia. Ilikuwa inaenda vizuri. Wallahi ilikuwa inaenda vizuri.

Kisha nikasema, "Umeamka sasa? Mzaramo, bado huja..." nikitaka kukuigiza sauti yako ya asubuhi, na sauti ikanigeuka. Nikalia, Maganga. Juu ya vigae vya bafuni nimelia kwa sauti, kamasi zinanitoka, mbele ya ukoo wako mzima. Nimekudhulumu. Ahadi ilikuwa moja na nimeivunja nikiwa nimelala juu yako.

Nasikia kuku tu. Halafu nikasikia fimbo inagonga kigae karibu na sikio langu.

"Litazameni Zaramo hili," mama yako akasema. "Limetoka pwani kuja kucheka, linalia. Hata utani umewashinda! Mnachojua nyie ni kucheza ngoma tu." Nikafumbua macho. Amenisimamia, mdomo umepinda upande, kama alivyokuwa anaupinda pale jukwaani na kikapu. Akanigonga tena, ya mguu safari hii. "Shuka juu ya mwanangu, mzito wewe. Alishabeba mizigo ya kutosha."

Akacheka. Si sana, alicheka na kukohoa na kushika kifua, Milembe akamkimbilia, naye akamsukuma. Alicheka hivyo hivyo mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikalia mpaka nikacheka, na sijui wewe unahesabu vipi huko, lakini mimi nahesabu kwamba mama yako amecheka.

Jogoo sikutaka. Mtani ana haki ya kuchukua kitu cha marehemu, na nilikuwa na changu nilichokijia: ule upawa wa kifuu. Mwizi wewe. Upawa wangu, alionichongea babu yangu, ulionipora siku ya kustaafu ukasema umepotea. Niliukuta unaning'inia jikoni kwenu, umebadilika rangi, unanuka karanga. Nikauchukua, nikauchomeka kwenye mkoba. Mama yako akanivuta kanga, akasema rudisha kitu cha mwanangu, nikamwambia mwanao jambazi, akaniita mchawi, nikamwita bibi wa soli, tukaendelea hivyo mpaka chakula kikapoa. Alikula sahani nzima. Milembe aliniomba kwa upole niuache, maana ulikuwa mkononi mwako kila siku. Nikamwambia, upawa huu unakombolewa, na ukombozi wake ni mmoja. Siku nikifa uje Kisarawe, ulale kwenye shimo langu uwasumbue wanangu, unitukane bila karatasi. Ndipo wakupe.

Akautazama upawa, yule mwalimu. Akasema, "Mimi sijui kutukana, mama." Nikamwambia utajifunza, damu unayo.

Sasa niko nyumbani. Jana nimepika wali wa nazi, nikatumia upawa wako, ukanitia harufu ya karanga kwenye wali wangu, Mungu akusamehe. Asubuhi ya leo, kabla sijanawa uso, simu ikaita. Jina lako likatokea, vile vile nilivyokuandika, Mpagazi. Nikapokea, na ile sauti ya Milembe, kumbe kaitia laini yako kwenye simu yake, inajikaza, inaona haya, ikasema, "Mzaramo, bado hujafa?"

Nilishindwa kumjibu lile jibu letu. Mtoto huwezi kumwambia atangulie. Nikamwambia, "Bado, wewe mjukuu wa wapagazi. Nisubiri wewe, nitangulie mimi."

Kwa hiyo kaa kwa amani bafuni kwako, Maganga. Usiwaimbie wenzako tenzi. Mwakani mchana kweupe nitashuka Tabora, nitatembea na mama yako sokoni nikiukashifu mji wote duka kwa duka, na nitaonja asali niseme mbaya. Naahidi. Na vile vigae nitavibandua mimi mwenyewe, hata kwa upawa.

Mimi,
Mchawi wa Pwani